Feni ya mkanda au ya umeme? Tuulize mlima wa Bugarama

KUNA ugonjwa umeingia katika baadhi ya magereji ya mji huu wa Bujumbura. Ukipeleka gari kuukuu lenye feni inayozungushwa na mkanda, hata kama umekwenda kubadilisha oili tu, hutoki bila kuambiwa kwamba feni hiyo imepitwa na wakati, kwamba inakula mafuta, na kwamba dawa yake ni kuing'oa na kufunga ya umeme. "Mwalimu, siku hizi nani bado anatumia feni ya mkanda?" Ndivyo nilivyoulizwa mimi, nami nikaona aibu, nikakubali. Leo naandika ili mwenzangu asikubali kwa haraka kama nilivyokubali.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sisemi kwamba feni ya umeme ni mbaya. Mamia ya teksi zetu zinazopita kila siku katikati ya mji zina feni ya umeme na zinafanya kazi vizuri. Ninachopinga ni tabia ya kung'oa kifaa ambacho mtengenezaji alikipima pamoja na injini, kisha kuweka kingine kilichookotwa kwenye gari dogo lililokufa, na kumwambia mwenye gari kwamba hayo ndiyo maendeleo. Ndugu msomaji, hayo si maendeleo. Ni kumhamishia mteja hasara ambayo ataigundua akiwa mlimani, peke yake, na mzigo wa watu mgongoni.

Mimi ni mmoja wa wale ambao hapa huitwa "abahungutse". Nilizaliwa Tanzania, nikakulia makazi ya Mishamo, nikasoma kwa Kiswahili na baadaye Kiingereza, na mwaka 2008, baada ya familia zetu kutakiwa kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia wa kule, sisi tulichagua kurudi. Wengi wetu tulirudi na vitu viwili: watoto, na fedha kidogo zilizotokana na mahindi, tumbaku au duka lililouzwa. Wapo walionunua kiwanja. Wapo walionunua gari. Gari kwa mtu aliyerudi bila shamba si anasa, ndilo shamba lake. Likifa, ukoo mzima unakaa chini kuulizana watakula nini.

Shemeji yangu na mimi tuliunganisha akiba tukanunua Hiace ya dizeli ya mwaka 1996. Ni gari la kazi, injini iko chini ya viti vya mbele, na feni yake ilikuwa ya mkanda. Mwaka 2024, mafuta yalipokuwa adimu na watu wakilala kwenye foleni za vituo, shemeji alikuwa tayari kusikiliza mtu yeyote anayezungumzia kuokoa lita moja. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja wala sitataja gereji yake, akatuahidi kwamba akiondoa feni ya mkanda tutaokoa mafuta na gari litakuwa jepesi. Alifunga feni ya umeme iliyotoka kwenye gari dogo la petroli. Aliifunga kwa waya mmoja kutoka kwenye betri mpaka kwenye swichi chini ya dashibodi, bila rilei, bila fyuzi. Lile kava la plastiki linalozunguka feni ya zamani nalo likatupwa kwa sababu halikutosha.

Kwa wiki mbili tulifurahi. Hiace ilikuwa ikizunguka mjini na kwenda Rumonge kando ya ziwa, barabara ambayo sehemu kubwa ni tambarare, na sindano ya joto haikusogea. Siku ya kumi na tano shemeji akapakia masanduku 14 ya mukeke wenye barafu na abiria saba, kwenda Gitega. Aliondoka saa tano asubuhi. Saa sita na nusu alinipigia simu nikiwa darasani. Walikuwa wamesimama katikati ya mlima wa Bugarama, mvuke unatoka chini ya viti, abiria wameshuka wanalalamika. Konda wetu, kijana wa miaka 19, mtoto wa dada yangu, alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Maji yakamrukia mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Samaki waliharibika. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na silinda hedi yenyewe imepinda. Tuliporudi kwa fundi yule alisema gari letu lilikuwa bovu tangu zamani. Tulipoomba turudishiwe feni yetu ya mkanda, alisema ameshaiuza.

Sasa tuache hasira, tuitazame hoja yenyewe, kwa sababu wapo watakaosema mwalimu ana kisirani cha mtu mmoja.

Kazi ya feni ni nyepesi kuieleza. Injini ikichoma mafuta, sehemu kubwa ya joto lake haigeuki kuwa mwendo. Sehemu ya joto hilo inabebwa na maji mpaka kwenye rejeta, na hewa inayopita kwenye rejeta ndiyo inayolichukua. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa kwenye tambarare, upepo wenyewe unatosha, na feni yoyote, ya mkanda au ya umeme, haina kazi kubwa. Ndiyo maana safari ya Rumonge haikutuonyesha kosa. Feni inahitajika pale gari linapokwenda polepole huku injini ikifanya kazi kubwa. Na mahali pa namna hiyo kuliko pote katika nchi hii ni barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama.

Wasomaji wanaoijua barabara hiyo hawahitaji kuelezwa. Bujumbura iko takribani mita 774 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko karibu na mita 2,200. Unapanda zaidi ya mita 1,400 katika kilomita kama 35, kona juu ya kona, gia ya pili na ya tatu, nyuma ya malori yanayotambaa na vijana wa baiskeli wamening'inia nyuma yake. Hapo upepo wa mwendo ni mdogo, mzigo ni mkubwa, na hewa yenyewe inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Ukifika juu, hewa ni nyepesi kuliko ya Bujumbura kwa zaidi ya asilimia 10, maana yake kila pigo la feni linabeba joto pungufu, ingawa ubaridi wa juu unasaidia kidogo.

Kuna jambo la pili ambalo mwanafunzi wangu yeyote wa fizikia anaweza kulieleza. Maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Hapa Bujumbura, katika sufuria iliyo wazi, maji yanachemka karibu na nyuzi 97. Kule Bugarama yanachemka karibu na nyuzi 93. Kinachozuia maji ya gari yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta, ambacho kinayafunga kwa shinikizo mpaka yaweze kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiwa na kifuniko kilicholegea, umepoteza kinga hiyo yote. Na ukikifungua injini ikiwa ya moto, shinikizo linatoka ghafla, sehemu ya maji inageuka kuwa mvuke kwa mara moja na maji ya moto yanakurukia. Hicho ndicho kilichomkuta mpwa wangu.

Feni ya mkanda inafungwa mbele ya injini, aghalabu kwenye pampu ya maji, na mwendo wake unafuata mwendo wa injini. Udhaifu wake tunaujua: gari likisimama kwenye msongamano injini inanguruma polepole, na feni nayo inazunguka polepole, wakati ambapo hakuna upepo. Lakini katika mlima hali inageuka. Dereva anashusha gia, injini inazunguka kwa kasi, na feni inazunguka kwa kasi pamoja nayo. Msaada unaongezeka pale pale haja inapoongezeka, bila waya, bila swichi, bila mtu kukumbuka.

Feni ya umeme ni kinyume chake. Mwendo wake haujali injini inazungukaje. Kwenye foleni ya magari inapuliza kwa nguvu zote injini ikiwa imetulia, na hapo inaishinda feni ya mkanda bila ubishi. Lakini mlimani haiwezi kuongeza chochote zaidi ya uwezo wa mota yake. Kama mota ilipimwa kwa injini ndogo ya petroli, itapuliza hewa ya injini ndogo ya petroli, hata kama nyuma yake kuna dizeli ya lita karibu tatu, watu saba na samaki.

Sasa twende kwenye hoja ya mafuta, kwa sababu ndiyo inayowanasa watu. Ni kweli kwamba feni ya mkanda inakula nguvu za injini. Feni ikizungushwa kwa kasi maradufu, nguvu inayohitajika huongezeka karibu mara nane, hivyo kwa kasi kubwa feni kubwa inaweza kuchukua nguvu-farasi kadhaa. Fundi akikuambia hivyo hakudanganyi. Anachokuficha, au asichokijua, ni kwamba watengenezaji waliliona tatizo hilo siku nyingi. Magari mengi ya kazi, kama Hiace, Hilux na Land Cruiser za dizeli, yana klachi ya feni. Ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake kuna springi bapa inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa ya ubaridi, klachi inateleza na feni inazunguka kwa ulegevu, haili nguvu nyingi. Hewa ikiwa ya moto, klachi inashika, na dereva husikia mngurumo kama wa upepo wa mvua. Ile Peugeot 504 ambayo wazee wetu waliisifu ilikuwa na njia nyingine, sumaku ya umeme iliyoshika feni ya mkanda injini ilipopata joto na kuiachia ilipopoa. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba feni ya mkanda inakula mafuta wakati wote, uliza kwanza kama klachi yake ni nzima. Kama ni nzima, akiba utakayopata kwa kuing'oa ni ndogo, na upepo wa matairi uliopungua au mzigo uliozidi utaimeza yote.

Tena tusidanganyane kwamba feni ya umeme inazunguka bure. Umeme wake unatoka kwa altaneta, na altaneta inazungushwa na mkanda ule ule wa injini. Mkanda ukikatika, katika magari mengi pampu ya maji nayo inasimama, na hapo feni ya umeme itazunguka kwa betri mpaka betri iishe, ikipuliza rejeta ambayo maji yake hayatembei. Yule anayekuambia kwamba umeme umekuokoa na mkanda hajakuambia habari yote. Na altaneta ya gari la zamani, iliyokusudiwa kulisha taa, honi na redio, sasa inaongezewa mzigo wa ampea 10, 15 au zaidi, usiku taa zikiwaka na mvua ikinyesha. Sisi betri yetu ilianza kulalamika wiki ya kwanza, tukadhani imechoka kwa uzee.

Mtu ataniuliza: kama ni hivyo, kwa nini magari madogo yote ya siku hizi yana feni ya umeme? Swali zuri, na jibu lake si mtindo. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na feni ya mkanda, na kwa miaka mingi baadaye injini za magari mengi zilikaa kwa urefu, pua yake ikitazama rejeta, hivyo mkanda uliifikia feni kwa urahisi. Kisha wakaja na magari ambayo injini imelazwa kwa upana na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Katika gari la namna hiyo pua ya injini inatazama gurudumu, haitazami rejeta. Mini ya mwaka 1959 ilibidi rejeta yake iwekwe ubavuni ili feni ya injini iifikie. Fiat 128 ya mwaka 1969 ikaweka rejeta mbele na kuipa feni ya umeme yenye kuwashwa na joto, na njia hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Kwa hiyo Carina yako, ile tunayoiita "Ti", ina feni ya umeme kwa sababu injini yake imelala kwa upana, na mota, swichi, rilei, rejeta na altaneta vyote vilipimwa pamoja. Hiace, Hilux na malori yana feni ya mkanda kwa sababu injini zake zimekaa kwa urefu na kazi yake ni nzito. Kila moja ina akili yake.

Na wenye Ti nao wasicheke, kwa sababu wana ugonjwa wao. Swichi ya joto ikifa, fundi mvivu hainunui nyingine. Anaunga waya "dairekti" ili feni izunguke kila unapowasha gari. Mteja anafurahi kwa sababu feni inasikika. Lakini mota iliyokusudiwa kuzunguka kwa vipindi sasa haipumziki, brashi zake zinaisha, na inakufa bila taarifa. Wengine hung'oa na themostati kabisa. Injini inakimbia ikiwa ya baridi huku bondeni, inakula mafuta zaidi, na kosa linajificha mpaka siku ya mlima. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 mtengenezaji aliweka kinga: ukichomoa waya wa swichi ya joto ya feni huku ufunguo umewashwa, feni inatakiwa izunguke yenyewe. Ikizunguka, mota ni nzima na mgonjwa ni swichi. Isipozunguka, tazama fyuzi, rilei na mota. Ni kipimo cha dakika moja, hakihitaji kompyuta, na kingewaokoa wengi wasilipie wasichohitaji.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi tuliorudi kwa namna ya pekee, nalo ni lugha. Tulijifunza magari kwa Kiswahili cha kambini: fenibelti, rejeta, altaneta. Hapa vitabu na risiti ni vya Kifaransa, na muuza spea anakuuliza "courroie" ya nini. Mtu anaona haya kuuliza mara ya pili, anaitikia tu, na anarudi nyumbani na mkanda wa kiyoyozi badala ya mkanda wa feni. Nimeona vijana waliojifunza ufundi vizuri kule Tanzania wakikaa kimya gerejini kwa sababu ya Kifaransa, huku asiyejua kazi lakini anajua maneno akiwaongoza. Mteja naye anashindwa kudai haki yake kwa lugha asiyoimudu. Ukosefu wa neno moja unaweza kukugharimu injini. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa mashuleni. Sioni kwa nini vyuo vyetu vya ufundi visiwape wanafunzi orodha moja ya majina ya vifaa kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Haihitaji mfadhili. Inahitaji karatasi mbili.

Nitasema kidogo pia kuhusu maji ya mafuriko, maana mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopanda na Rusizi kufurika tuliona magari yakipita ndani ya maji upande wa Gatumba. Hapo feni ya mkanda ina hatari yake. Ikizunguka kwa kasi na kukutana na maji, mapanga yake yanajikunja kwenda mbele na yanaweza kuikata rejeta, tena yanarusha maji juu ya injini yote. Ndiyo maana madereva wa zamani wa Land Rover na Land Cruiser walilegeza mkanda kabla ya kuvuka mto, wakaukaza ng'ambo. Feni ya umeme nayo ikizama inaweza kukwama na kuunguza fyuzi, kama fyuzi ipo. Kama haipo, kinachoungua ni waya, na waya ukiungua karibu na bomba la mafuta sihitaji kueleza zaidi. Kwa hiyo hakuna feni iliyo malaika. Kuna feni iliyofungwa kwa akili na iliyofungwa kwa tamaa.

Baada ya kusema hayo, napendekeza nini?

Kwanza, mwenye gari la mzigo linalopanda Bugarama, au linaloingia na bidhaa kupitia Mugina na Kobero, asing'oe feni ya mkanda. Atengeneze iliyopo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe feni kwa mkono. Ikiwa na klachi, inatakiwa iwe na uzito kidogo. Ikizunguka bure mizunguko mingi kama pangaboi, au ikitikisika, au ukiona mafuta yamevuja katikati yake, klachi imekufa. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukibonyea kama sentimita moja uko sawa, ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, badilisha. Beba mmoja wa akiba. Kava la kuzunguka feni lisitupwe kamwe, maana bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya hewa inayopita kwenye rejeta.

Pili, kama kuna sababu ya kweli ya kufunga feni ya umeme katika gari la zamani, kwa mfano klachi haipatikani kabisa na gari linatumika mjini tu, basi ifungwe kamili: mota yenye uwezo unaolingana na rejeta, rilei, fyuzi, waya mnene, swichi ya joto, na kava lake. Mapanga yasukume hewa kuelekea kwenye injini, maana nimeona iliyofungwa kinyume ikishindana na upepo wa gari lenyewe. Na altaneta ipimwe kama inaumudu mzigo huo taa zikiwa zimewashwa.

Tatu, tuwe na desturi ya kudai kifaa kilichong'olewa. Ni chako, ulikilipia. Mwambie fundi akuwekee kwenye gunia. Kama sisi tungefanya hivyo, siku ile mlimani tungekuwa na pa kuanzia. Na fundi anayekupa kazi aandike kwenye karatasi alichokifunga na tarehe. Mafundi waaminifu, na Buyenzi wapo wengi wenye mikono ya dhahabu, hawatakataa. Karatasi hiyo inawalinda na wao dhidi ya wateja wanaopakia tani mbili kisha wanamlaumu fundi.

Nne, wakaguzi wa magari wanaotazama breki na taa watazame na hili. Gari la abiria lililosimama kwenye kona ya Bugarama halimuumizi mwenyewe tu. Nyuma yake kuna lori lililojaa, na nyuma ya lori kuna vijana watatu wa baiskeli walioshika chuma kwa mkono mmoja. Lori likifunga breki ghafla au likirudi nyuma, wao ndio wa kwanza kufa. Kuliacha gari liwake kwa dakika kumi likiwa limesimama, huku mkaguzi akitazama sindano na kusikiliza feni, hakuhitaji mashine yoyote.

Na dereva, sindano ikianza kupanda mlimani, zima kiyoyozi, fungua joto la ndani mpaka mwisho hata kama abiria watalalamika, kwa sababu ile ni rejeta ndogo ya pili. Shusha gia, usiikamie injini. Isiposhuka, tafuta mahali pa usalama usimame. Mkanda ukiwa mzima na maji hayavuji, iache injini ingurume kidogo ili maji yatembee. Mkanda ukiwa umekatika au maji yamemwagika, zima mara moja. Usifungue kifuniko mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Na sindano ikishuka ghafla wakati mvuke bado unatoka, usishangilie, huenda maji yameisha na kipimo kinapima hewa tupu.

Hiace yetu inatembea tena. Silinda hedi ilisawazishwa, gasketi ikabadilishwa, na feni ya mkanda na klachi yake tuliipata ikiwa imetumika, baada ya kuzunguka Buyenzi siku mbili. Imeshapanda Bugarama mara nyingi tangu hapo, na kwenye kona za juu shemeji anausikia ule mngurumo wa klachi ikishika. Anasema sasa ndio wimbo wake. Deni la samaki bado hatujalimaliza. Mpwa wangu amepona, lakini vidole viwili havikunjiki vizuri, na kazi ya konda ni ya mikono. Sasa namfundisha kusoma majina ya spea kwa Kifaransa, jioni nikitoka shule, kwa sababu anasema anataka kuwa fundi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliubomoa ukuta mzima uliokuwa imara kwa kuambiwa kwamba majirani hawajengi tena namna hiyo. Msomaji, kabla hujakubali, muulize fundi wako swali moja: feni hii ilipimwa kwa injini gani? Akishindwa kujibu, chukua ufunguo wako uondoke.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu mjini Bujumbura. Alirejea kutoka Tanzania mwaka 2008.